Jinsi ya Kunyoosha Pua ya Land Rover Bila Kuusumbua Mwembe

Mwembe upumzike kwanza.

Nasema hivyo kwa mapenzi, maana hapa Songea miembe imefanya kazi kuliko mashine nyingi. Gari likishagonga ukingo wa daraja, husukumwa hadi kivulini, mnyororo ukafungwa kwenye bampa, ncha ya pili ikazungushwa kwenye shina, dereva akatia gia ya nyuma na umati ukahesabu: moja, mbili, tatu! Bampa linarudi. Watu wanapiga makofi. Mwenye gari anatoa hela ya soda. Kesho yake, akiwa kwenye mteremko, gari linamvuta kulia kama mtoto aliyeona muuza karanga.

Mwembe haukukosea. Uliombwa uvute, ukavuta gari zima. Mpindo wenyewe, ule uliojificha kwenye chasisi nyuma ya rejeta, umebaki ulivyokuwa, na pengine umepata mwenzake. Kunyoosha pua ya gari la zamani ni kazi ya kamba, chaki na subira. Nyundo na mnyororo ni wageni waalikwa: waje wakiitwa, wakimaliza waondoke.

Mwongozo huu ni wa wenye magari ya chasisi: Land Rover 109 na 110, Land Cruiser za 70, Hilux za zamani. Mwenye Corolla asiondoke. Ana aya yake huko mbele, na ndiyo ninayomwomba aisome mara mbili. Magari haya ya chasisi tunayo mengi kwa sababu ya barabara tulizokuwa nazo. Anayekumbuka Songea hadi Tunduru wakati wa kifuku kabla ya lami, anaikumbuka kwa mgongo. Mbinga kuteremka Mbamba Bay, zile kilomita 66 za kona na mabonde, leo ni lami pia. Lakini chasisi zilizopita huko zamani ndizo hizi hizi tunazoendesha, na kila shimo limeandikwa ndani yake.

Anza na matope. Subiri mvua inyeshe, au mwaga ndoo kadhaa za maji kwenye uwanja wa udongo mwekundu, ambao hatujawahi kuukosa. Endesha gari polepole hatua thelathini, mbele moja kwa moja, bila kuchezea usukani. Shuka, chuchumaa, tazama alama. Matairi ya nyuma yanatakiwa kufuata ya mbele. Yakizidi nje au ndani, yazidi sawasawa kulia na kushoto. Ukiona alama za nyuma zimekaa upande mmoja, gari lako linatembea kama kaa: macho yanatazama Njombe, miguu inakwenda Mbinga.

Hapo usikimbilie kuituhumu chasisi. Chukua futi ya kamba, upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, kushoto, kisha kulia, usukani ukiwa umenyooka. Mwenye 109 amerahisishiwa, kwa kuwa gari limemwandikia kipimo kwenye jina lake: inchi 109 kati ya ekseli na ekseli, karibu sentimita 277. Ya 110 ni hivyohivyo, inchi 110. Upande mmoja ukipungua kwenye gari lenye springi za majani, lala chini uikague senta bolti ya springi pamoja na yubolti zake. Senta bolti ikikatika, ekseli huteleza nyuma kidogo na gari zima hupotoka wakati chasisi ni nzima kabisa. Mimi niliwahi kushauriwa kuikata chasisi ya 109 niliyoachiwa na mjomba. Kilichokuwa kimekatika ni bolti yenye unene wa kidole. Tuliibadilisha asubuhi, mchana gari likawa linafuata pua yake.

Kama bolti ni nzima na vipimo bado vinagombana, sasa piga hodi. Chukua nyundo ndogo, ingia uvunguni, gonga mihimili miwili ya chasisi kuanzia mbele kabisa hadi nyuma ya injini, hatua kwa hatua. Chuma kizima kinajibu kwa mlio wa kengele. Kilichooza kinajibu kama debe la unga. Pale penye sauti ya debe choma kwa bisibisi. Ikipenya, umegundua jambo kubwa kuliko mpindo. Chuma kilichooza hakinyooki, kinachanika. Kinakatwa, kinawekwa kipande kipya, ndipo habari ya kuvuta inapofuata.

Wenye Land Rover wasikilize hapa kwa makini, kwa kuwa gari lao lina siri. Lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa kikigawiwa kwa mafungu baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa bati la aluminiamu na chasisi kwa chuma. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Basi mzee wako anaweza kuonekana kijana kuanzia boneti hadi turubai, huku chini mifupa inamomonyoka. Chasisi yenyewe ni bati la karibu milimita 2 lililochomelewa likawa boksi, na boksi hilo hupenda kuhifadhi tope. Kabla ya lolote, ingiza mpira wa maji kwenye matundu yake uendelee kusafisha hadi yatoke maji yanayofaa kuoshea vyombo. Wenye Land Cruiser na Hilux zilizotoka Japani wasitabasamu: kaskazini ya nchi ile barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo husafiri na gari hadi Ruvuma bila kulipiwa ushuru.

Sasa vipimo. Hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu, na ninaomba ukae nami.

Siku nyingine, nilipopeleka 109 kwa mzee mmoja aliyejifunzia ufundi kwenye karakana za Peramiho, ile abasia ya Wabenediktini iliyoanzishwa mwaka 1898 na ambayo imelea mafundi wa kila aina, nilikuwa na haraka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari linaumwa nini?"

"Limepinda mbele. Naomba tulivute leo."

"Umelipima?"

"Bado."

"Basi leo tutakunywa chai na kupima. Kuvuta ni kesho."

Tulikunywa chai, tukapima hadi jua likazama, na kesho yake kuvuta kulichukua saa mbili tu.

Unahitaji sakafu ya saruji iliyosawazishwa, au angalau uwanja mgumu. Gari lipandishwe kwenye stendi nne za chuma au magogo mapana yaliyokaa imara. Mawe hapana, jiwe linaweza kupasuka bila kutoa taarifa, na wewe uko chini. Chasisi isawazishwe kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoona ndani ambao waashi hutumia kusawazisha msingi. Kisha mwazime mwashi huyohuyo timazi yake.

Chagua sehemu zilizo sawa pande zote mbili: tundu la bolti ya springi ya mbele kushoto na mwenzake wa kulia, bolti za bodi, matundu ya nyuma ambako ajali haikufika. Ning'iniza timazi kwenye kila moja, ncha ikigusa sakafu weka alama ya chaki. Ukimaliza, lishushe gari ulisukume pembeni, utaona chasisi yako imelala sakafuni kama mchoro wa mtoto wa shule. Sasa unganisha alama kwa kamba. Tafuta katikati ya kila jozi ya nyuma, piga mstari wa kati kuelekea mbele. Jozi za mbele nazo zinatakiwa zikae katikati ya mstari huo. Kisha pima ulalo: kutoka mbele kushoto hadi nyuma kulia, na kutoka mbele kulia hadi nyuma kushoto. Mistari hiyo miwili ikiwa sawa, chasisi ina pembe zake. Ikitofautiana, mhimili mmoja umesukumwa nyuma kuliko mwenzake. Tofauti ya milimita 3 isikunyime usingizi. Ya milimita 15 ikunyime.

Bado hujamaliza, kwa sababu sakafu haikuonyeshi urefu wa juu na chini. Funga kamba mbili kwa kukingama, moja mbele na moja nyuma, kila moja ikining'inia kwa umbali sawa chini ya chasisi. Rudi mbele, funga jicho moja, uzitazame zote mbili kwa pamoja. Zikienda sambamba, shukuru. Zikipishana kama mikono ya saa, chasisi imejisokota.

Andika kila namba. Andika ukutani, andika kwenye kadibodi, andika mahali ambapo hakuna atakayefungia maandazi.

Wakati huu watu watakuwa wamejaa. Gereji ina sumaku yake. Atakuja wa bodaboda, atakuja mwalimu mstaafu, atakuja kijana ambaye binamu yake aliwahi kuwa na lori. Kila mmoja ana neno, na neno lenyewe ni moja: "Vuta tu!" Usiwafukuze, wape kazi. Mmoja ashike ncha ya futi, mwingine asome namba kwa sauti, wa tatu aandike. Mtu aliyesoma kwa sauti yake "mia moja sabini na mbili" upande mmoja na "mia moja sabini na nne na nusu" upande wa pili haendelei kusema vuta tu. Anaanza kuuliza. Nimeona vijana wawili wakipenda ufundi kwa njia hiyo, na mmoja wao baadaye alijiunga na chuo cha VETA.

Usiku huo fungua kinachofunguka. Land Rover ina wema wa kutumia bolti: mabawa, boneti na grili vinatoka kwa spana ikiwa kutu haijazifunga. Toa rejeta. Ondoa betri kabisa. Mafuta yasikae karibu.

Kesho ni kuvuta, na kanuni yake ni hii: kilichopinda mwisho kinyooke kwanza. Ajali haikunji chuma mahali pote kwa wakati mmoja. Inakunja ncha, ncha inasukuma kiungo, kiungo kinasukuma mhimili. Wewe rudi kwa njia ileile kinyumenyume, kwa upande uleule ambao pigo liliingilia. Na gari lishikwe pale palipo pazima, karibu na mpindo, kwa vyuma na bolti. Ukilishika kwa nyuma kabisa utanyoosha kilichokuwa kimenyooka.

Kwa mpindo wa kando kuna njia ambayo haihitaji mashine ya bei ya nyumba. Tafuta chaneli nene ya chuma iliyonyooka, ndefu kuliko mpindo. Ilaze sambamba na mhimili, upande ule ambao mpindo umetokeza. Funga ncha zake mbili kwenye mhimili kwa minyororo, kisha katikati, kati ya chaneli na kilele cha mpindo, weka jeki ya mafuta ya tani 10. Pampu kidogo. Ngoja. Gonga kwa nyundo kuzunguka mkunjo wakati jeki ikiwa imekaza, mapigo mepesi mengi. Chuma kilichobanwa hutulia kwa kugongwa. Pampu tena kidogo. Chuma kina ukaidi wa kurudi kilikotoka, kwa hiyo kipitishe mstari milimita chache, legeza, kisha pima. Kimerudi mno? Rudia. Kimebaki? Hamia mahali pengine. Mivuto kumi midogo inashinda mmoja wa nguvu, na lori la kushtua mnyororo lisitie mguu hapa.

Mnyororo uliokazwa ni nyoka aliyejikunja. Tandika gunia zito juu yake, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wake, mbele wala nyuma. Kama ni msimu wa ulanzi, ulanzi ungoje jioni. Nasema hili bila tabasamu. Mnyororo ukikatika hauchagui fundi, mwenye gari au mtoto aliyekuja kuangalia.

Moto? Uwe mdogo, na pale kwenye mkunjo tu, kwa chasisi za zamani za chuma laini. Rangi ya wekundu hafifu inayoonekana kivulini inatosha. Usimwage maji, kiache kipoe chenyewe kwa hewa. Gari la miaka ya karibuni usilipashe moto kabisa, kwani vyuma vyake vimepata nguvu kwa namna ambayo moto wako utaifuta.

Ni baada ya vipimo kukubali ndipo tunazungumza kuimarisha. Naona watu wengi wakianza hapa. Wanachomelea pleti nene juu ya chasisi iliyopinda, na kuanzia siku hiyo mpindo umepata hati miliki. Kunyoosha kwanza, kuimarisha baadaye. Ukigeuza mpangilio huo, atakayekuja kunyoosha itambidi akate kazi yako yote.

Tazama nyufa. Kwenye Hilux na Land Cruiser za zamani kagua kwa tochi mahali boksi la stelingi linapofungwa, kwa maana nguvu zote za matairi mapana na mashimo huishia pale. Ukiona ufa, toboa tundu dogo la milimita 5 au 6 kwenye kila mwisho wake ili usiendelee kukimbia, usage kwa grenda uwe mfereji, uujaze kwa weldi, kisha ndipo uweke kiraka.

Na kiraka kina umbo lake. Watu hukata mstatili na kuuchomelea wima kutoka juu hadi chini ya mhimili, na mstari huo wa weldi unageuka mahali pazuri pa chasisi kuvunjikia. Kata kiraka kama samaki au kama almasi, ncha zikichongoka kuelekea mbele na nyuma, ili mzigo uingie na kutoka taratibu. Unene uwe sawa na wa chasisi yenyewe au uzidi kidogo sana. Ukibandika pleti ya milimita 8 kwenye bati la milimita 2, umeuhamisha udhaifu hadi pale pleti inapoishia, na ufa mpya utaanzia hapo. Kingo za chini na juu za mhimili ziache bila weldi ya kukingama, hasa ya chini, ambayo huvutika kila gari linapopiga shimo. Matundu ya kutolea maji yabaki wazi. Fungu la weldi liwe fupi, la kidole kimoja, kisha uhamie upande wa pili, maana weldi ikipoa hujikaza na kuvuta, na inaweza kuipindisha upya kazi ya siku mbili. Kamba ya arthi ibanwe karibu na unapochomea, ili umeme usisafiri kupitia beringi.

Na namba ya chasisi usiiguse. Kwenye Land Rover nyingi za Series imegongwa mbele kulia, karibu na kishikizo cha springi. Kwenye Land Cruiser na Hilux iko kwenye mhimili wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Yaani palepale unapotaka kupeleka grenda. Ikifutika, gari lako na kadi yake havifahamiani tena, na siku ya kuliuza au ya kukaguliwa utajieleza sana kwa jambo ambalo hukulikusudia. Ipake grisi, ifunike kwa kitambaa, uiambie gereji nzima.

Sasa mwenye Corolla, Mark II au Noah. Karibu, kaa. Gari lako halina chasisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na zile mbavu mbili za mbele zimetengenezwa ili zikunjike. Mwaka 1951 mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz aliombea hataza wazo kwamba pua na mkia wa gari vipondeke kwa mpangilio, huku chumba cha abiria kikibaki kigumu, na mwaka 1959 likatoka gari la kwanza lililojengwa hivyo. Mbavu zikikunjika, zinakula nguvu ya pigo. Usipoziruhusu, nguvu hiyo haipotei. Inapita hadi kwenye kifua chako na shingo ya aliyekaa nyuma. Kwa hiyo anayekushauri uchomelee chaneli nyuma ya bampa "ili liwe gumu kama lori" anakuomba uondoe mto uliowekwa kati yako na ukuta. Kataa kwa heshima, lakini kataa. Mbavu iliyokunjika inyooshwe ikiwa mkunjo ni mdogo, au ibadilishwe yote kwa nyingine nzima, ichomelewe kwenye maungio ya kiwandani. Umbo lake la mikunjo midogo libaki kama lilivyo. Huwabebi watu wako kwenye pua ya gari. Unawabeba nyuma yake.

Turudi kwa Land Rover, mzee wetu. Kwangua hadi chuma king'ae, paka redi oksaidi mara mbili, kisha rangi. Ndani ya boksi la chasisi nyunyiza mafuta mazito kupitia matundu, uache yachuruzike usiku kucha juu ya makopo. Rudisha vitu, kaza bolti, peleka gari likapangwe matairi. Halafu nenda Peramiho na kurudi, polepole, kama kilomita 24 kwenda, usikilize. Ukifika nyumbani kaza yubolti upya, na kagua kila weldi kwa tochi.

Sisi tulipomaliza, fundi aliomba ndoo mbili za maji. Akazimwaga uwanjani mwenyewe, akanionyesha kwa kidole niendeshe. Niliposhuka alikuwa ameshachuchumaa, ameweka kiganja kwenye alama ya tairi la kushoto, macho yako kwenye ya kulia. Akasimama, akapangusa mkono kwenye ovaroli, akanipa ile kadibodi ya vipimo. "Weka garini," akasema. "Mwezi wa tano, kifuku kikiisha, ulete tupime tena."